Gilbert Walker: mtu aliyeitafuta mvua ya kesho kwenye madaftari ya jana

Neno Elnino halihitaji mkalimani huku Nyanda za Juu Kusini. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1997 na 1998 anakumbuka mvua zilizokata barabara na kusomba madaraja nchini, na tangu hapo mvua ikizidi kidogo tu tunasema ni Elnino, hata pale ambapo siyo. Wasichokijua wengi ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa yaliyo nyuma ya neno hilo yaliletwa na Mwingereza mmoja aliyefanya kazi India miaka mia moja iliyopita. Wala hakuwa akiitafuta Elnino. Alikuwa akitafuta jibu la swali ambalo kila mkulima wa Mbarali au Ismani analijua: mwaka huu mvua itakuwaje?

Jina lake Gilbert Walker. Tumeamua kusimulia maisha yake sasa kwa sababu wasikilizaji wetu wanatuletea kwenye simu ujumbe unaosema kwamba kompyuta zenye akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, zimeshajua mvua ya mwakani, na hata zimeona hali ya hewa itakavyokuwa mwaka 2050. Wanatuuliza kama ni kweli. Tumeona tusijibu kwa mkato. Kazi inayofanywa leo na kompyuta hizo, Walker aliianza kwa kalamu na karatasi, na aligundua mapema mahali inapoweza kumdanganya mtu.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 huko Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa hodari wa hesabu tangu shuleni. Mwaka 1889, katika mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alishika nafasi ya kwanza kati ya wote, heshima ambayo nchini mwake ilimfanya mtu ajulikane. Lakini masomo yalimchosha hadi afya yake ikavunjika, akalazimika kwenda kupumzika Uswisi kwa vipindi kadhaa vya baridi. Huko alijifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo alioupenda maisha yake yote.

Kingine alichokipenda ni fimbo bapa iliyopinda ya wenyeji wa Australia, ile ambayo ukiirusha vizuri inazunguka hewani na kukurudia. Alizirusha fimbo hizo kwenye viwanja vya chuo, wenzake wakambandika jina la utani kwa ajili yake, naye akaandika hesabu za kueleza kwa nini inarudi. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha aina ya mtu aliyekuwa: akiona kitu kinakwenda na kurudi, hatulii mpaka ajue kanuni yake.

Mvua iliyokosekana India

Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza, na uhai wa mamilioni ya wakulima wake ulitegemea mvua za monsuni, zinazonyesha kati ya Juni na Septemba. Watu wa pwani yetu wanaufahamu upepo unaozileta. Ni uleule wa kusi uliosukuma majahazi kutoka Zanzibar kwenda India. Ukivuka ikweta unapinda, unachota maji ya bahari na kuyamwaga juu ya India.

Miaka mingine mvua hizo zilishindwa. Njaa ya 1876 hadi 1878 iliua mamilioni ya watu. Ukame peke yake haukutosha kuua kiasi hicho. Serikali ya kikoloni iliacha nafaka iendelee kusafirishwa nje huku watu wakianguka njiani. Hata hivyo baada ya msiba huo serikali iliwataka wataalamu wake wa hali ya hewa watabiri monsuni kabla haijafika. Walianza kwa kuangalia theluji ya milima ya Himalaya: theluji ikizidi, mvua hupungua. Miaka michache ilikwenda vizuri. Kisha ukaja mwaka 1899. Mkuu wa idara, John Eliot, alitabiri mvua nzuri. Ukaja ukame, na njaa nyingine kubwa.

Huyo ndiye mtu ambaye Walker alikuja kurithi kiti chake mwaka 1904. Hakuwa na elimu yoyote ya hali ya hewa. Alikuwa mtu wa hesabu tu, mwenye umri wa miaka 35, aliyepewa idara nzima na swali lililowashinda waliomtangulia.

Alifanya uamuzi ambao wengine waliuona wa ajabu. Alisema moyoni kwamba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nadharia ya kueleza kwa nini monsuni hushindwa, asipoteze muda kubuni nadharia. Atakusanya vipimo vya zamani kutoka kila pembe ya dunia na kutafuta ni vitu gani hutangulia mwaka mzuri na vitu gani hutangulia mwaka mbaya.

Ili tuelewane, chukua mfano wa nyumbani. Una daftari la mvua za Tukuyu la miaka 20, na daftari la mavuno ya mahindi ya miaka hiyohiyo. Unaweza kukokotoa namba moja inayoonyesha kama viwili hivyo huenda pamoja. Ikikaribia 1, kimoja kikipanda na kingine hupanda. Ikiwa karibu na 0, kila kimoja kinashika njia yake. Ikiwa hasi, kimoja kikipanda kingine hushuka. Wataalamu huiita uwiano. Walker hakufanya hivyo kwa madaftari mawili. Alifanya kwa vituo vya dunia nzima, msimu kwa msimu, na hakukuwa na kompyuta. Kompyuta zake walikuwa makarani wa Kihindi, waliokaa kwenye meza wakijumlisha na kuzidisha kwa mkono mwaka hadi mwaka. Majina yao hayajulikani kama lake, lakini bila wao hakuna tunachosimulia hapa.

Katika kanuni yake ya mwanzo aliweka vitu vinne: theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa Mauritius, mgandamizo wa hewa Amerika ya Kusini, na mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Ndiyo, mvua yetu ya masika. Mtu fulani Zanzibar alikuwa akisoma kipimamvua, namba zinaandikwa, na mbele ya safari zinafika India kusaidia kukadiria kama mkulima wa kule atavuna. Mvua nyingi Zanzibar mwezi Mei ilihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa India.

Onyo la mwaka 1914

Hapa ndipo tunapoomba msikilizaji asogee karibu, maana ndicho kiini cha swali mlilotuuliza.

Walker alipokuwa amekokotoa mamia ya namba hizo, aliona hatari. Ukitafuta sana, lazima utapata. Mwaka 1914 aliandika kanuni ya kupima kama uhusiano uliopatikana ni wa kweli au ni bahati tu, na hoja yake ilikuwa kwamba kadiri unavyochunguza vitu vingi zaidi, ndivyo unavyotakiwa kudai ushahidi mzito zaidi kabla ya kuamini kilicho bora kati yao.

Tuseme kijijini kuna watu 100, kila mmoja ana dalili yake ya mvua. Mmoja anaangalia maua ya mwembe, mwingine siafu, mwingine ndege, mwingine goti linalouma. Kila mwaka kila mmoja anasema mvua itazidi au itapungua. Hata kama hakuna dalili hata moja yenye maana, na wote wanabahatisha tu kama warusha shilingi, baada ya miaka mitano watu kama watatu watakuwa wamepatia kila mwaka. Hao watatu wataitwa wajuzi. Mwaka wa sita kijiji kizima kitapanda kwa neno lao.

Kompyuta za akili mnemba zinazotabiri hali ya hewa hufanya kazi ileile ya makarani wa Walker, ila kwa kasi ambayo yeye asingeweza kuiota. Zinapewa vipimo vya dunia nzima vya miaka kama 40 na zinajifunza zenyewe ni hali gani hufuata hali gani. Mwaka 2023 kampuni za Google na Huawei zilitangaza mifumo ya namna hiyo inayotoa utabiri wa siku 10 kwa dakika chache, na kwa vipimo vingi ikawa sawa au bora kuliko mifumo ya zamani inayotumia kompyuta kubwa mno. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilianza kutumia mfumo wake rasmi mwezi Februari 2025. Na mwaka huohuo, nchini India kwenyewe, wizara ya kilimo ilituma kwa simu za wakulima wapatao milioni 38 utabiri wa lini monsuni ingeanza, uliotengenezwa kwa akili mnemba. Kabla ya kutuma, watafiti waliijaribu mifumo hiyo kwa miaka iliyopita waone kama inapatia au inabahatisha. Hilo ndilo onyo la 1914 likifanyiwa kazi.

Ila tutofautishe. Programu ya kuongea nayo kwenye simu, ile inayokuandikia barua au kukujibu maswali, siyo mfumo huo. Ukiiuliza mvua itaanza lini Kilolo, inaweza kukujibu kwa Kiswahili kizuri sana bila kuwa imetazama kipimo chochote. Ufasaha wake usikufanye ukachukue mkopo wa mbolea.

Kuna na jambo la pili. Mashine inajifunza kutokana na vipimo, na Afrika ina vituo vichache vya kupimia kuliko Ulaya au Marekani. Mahali pasipo na daftari, mashine inakadiria. Milima yetu inafanya kazi kuwa ngumu zaidi: mtu wa Rungwe anaweza kuwa na tope hadi magotini huku mwenzake wa Usangu, siyo mbali sana, anaangalia vumbi.

Bembea ya bahari

Turudi kwa mtu wetu. Walker hakuwa karani mkuu tu wa kuhesabu namba. Huko Simla, mji wa mlimani uliokuwa makao ya idara yake, aliwatazama kwa darubini ndege wakubwa wanaoelea angani bila kupiga mbawa, akaandika jinsi wanavyoitumia hewa inayopanda. Alipenda filimbi pia, na alishughulika na namna ya kuiboresha.

Mwaka 1913 alipita bandari ya Madras. Huko alionyeshwa daftari la karani mmoja maskini aliyekuwa na hesabu za ajabu ambazo hakuna aliyezielewa vizuri. Walker, ingawa hesabu hizo hazikuwa za fani yake, aliona kwamba mtu huyo hapaswi kukaa kwenye hesabu za bandari, akaandikia chuo kikuu cha Madras kuomba apewe fedha za kusoma. Zilitolewa. Karani huyo alikuwa Srinivasa Ramanujan, ambaye leo anatajwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa waliowahi kuishi. Tukiwa wakweli, hata kama Walker asingefanya kingine chochote, barua hiyo ingetosha.

Lakini alifanya kingine. Katika kukusanya namba za dunia, kitu kilianza kujitokeza. Mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, kuanzia Afrika hadi Australia. Baada ya miaka kadhaa hali hugeuka. Ni kama bembea ya ubao ambayo watoto wawili hukalia huku na huku, huyu akipanda yule anashuka. Hali hiyo ya bembea ilikwenda pamoja na mvua za India, na ukame wa Australia, na mvua za sehemu za Afrika. Mwaka 1924 aliipa jina, mtikisiko wa kusini. Mwaka huohuo alipewa cheo cha Sir na kuondoka India kwenda kufundisha London.

Bembea hiyo inatuhusu sana sisi wa Mbeya na Iringa, kwa namna inayokera. Mwaka wa Elnino, kaskazini mwetu, yaani Kenya na kaskazini mwa Tanzania, mvua za vuli mara nyingi huzidi. Kusini mwetu, Zambia, Malawi na Zimbabwe, mara nyingi huja ukame. Sisi tupo kwenye kunjo, pale katikati ambapo ubao wa bembea umeshikiziwa. Msimu wa 2023/24 ulionyesha hivyo wazi: sehemu nyingi za Tanzania zilipata mafuriko, huku Zambia na Malawi, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka tu, zikitangaza janga la kitaifa kwa sababu ya ukame. Ndiyo maana taarifa ya Elnino inayomfaa mtu wa Nairobi au wa Lusaka haiwezi kuchukuliwa vilevile na mtu wa Mafinga.

Alichoshindwa

Walker hakufanikiwa kutabiri kushindwa kwa monsuni, kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kanuni zake zilipatia miaka mingine na kukosea mingine. Baadhi ya mahusiano aliyoyapata yalififia kadiri miaka ilivyopita. Ulaya wapo waliomkosoa kwamba kuunganisha hewa ya pande za mbali namna hiyo bila kueleza kinachoziunganisha ni kuokota bahati. Yeye mwenyewe alikiri kwamba sababu haijui, na alidhani jibu lingepatikana baharini siku vipimo vitakapokuwepo.

Hilo la mahusiano kufifia ndilo gumu kwetu leo. Mashine iliyojifunza miaka 40 iliyopita inaijua dunia ya miaka 40 iliyopita. Dunia ya mwaka 2050 itakuwa na joto ambalo madaftari hayajawahi kuliandika. Kwa hiyo ujumbe unaosema akili mnemba imeona hali ya hewa ya 2050 usomwe kwa tahadhari. Kuhusu miaka ya mbali hivyo, wataalamu makini hawatoi jibu moja. Wanatoa majibu kadhaa na kuyapanga pamoja.

Mfano mzuri upo kwenye bonde letu. Mto Ruaha Mkuu unaanzia nyanda zetu, unapita Usangu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza Mtera na Kidatu, kisha maji yake yanaungana na Rufiji kuelekea bwawa la Julius Nyerere. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Miaka michache iliyopita watafiti wa mradi ulioitwa UMFULA walichukua mifumo mingi ya kompyuta na kuuliza bonde la Rufiji litakuwaje katika miongo ijayo. Kuhusu joto, mifumo yote ilikubaliana: litaongezeka. Kuhusu mvua haikukubaliana, mingine ikaonyesha itaongezeka, mingine itapungua.

Mtu anaweza kusema basi kazi hiyo ni bure. Sisi tunaona kinyume. Ukijua kwamba hujui, unauliza swali jingine. Badala ya kuuliza mwaka 2050 utakuwaje, watu wanakaa pamoja, mkulima wa mpunga, mfugaji, afisa wa maji, mtu wa umeme, na kujenga simulizi kadhaa za kesho. Katika simulizi moja mvua inaongezeka lakini inashuka kwa vishindo. Katika nyingine inapungua na watu wa Mbarali wameongezeka maradufu. Katika nyingine mvua haikubadilika, ila joto limepandisha mazao ya chini kwenda milimani. Kompyuta inasaidia kujaza namba: maji kiasi gani, joto kiasi gani. Kisha kila mpango unapitishwa kwenye simulizi zote. Mfereji huu utafaa katika zote, au katika moja tu? Mbegu hii ya siku chache itatuokoa katika ipi, na itatuumiza katika ipi?

Mkulima hulijua hili bila kufundishwa. Anayepanda mahindi bondeni na mtama mlimani, na kubakiza mbegu kidogo endapo mvua ya kwanza itamdanganya, tayari ana simulizi tatu kichwani.

Walker alistaafu ualimu mwaka 1934. Aliendelea kuandika, kupiga filimbi na kufuatilia vyombo vinavyoelea angani bila injini, mambo aliyoyapenda tangu siku za ndege wa Simla. Alifariki tarehe 4 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 90. Kwa wakati huo bembea yake ilikuwa imekaribia kusahaulika.

Lakini mwaka 1957 na 1958, miezi yake ya mwisho duniani, ulitokea Elnino mkubwa, na kwa bahati nchi nyingi zilikuwa katika mwaka wa kimataifa wa kupima dunia, meli na vituo vikiandika kila kitu. Mtaalamu mmoja wa asili ya Norwei aliyehamia Marekani, Jacob Bjerknes, alivichambua vipimo hivyo. Aliona kwamba maji ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida, ile Elnino ya wavuvi wa Peru, ndipo bembea ya hewa ya Walker inapogeuka. Bahari na hewa zilikuwa zikisukumana. Mwaka 1969 Bjerknes aliandika maelezo hayo, na mzunguko mkubwa wa hewa juu ya Pasifiki akaupa jina la Walker.

Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ule tunaousoma hewani kabla hamjapanda, huanza kwa kueleza hali ya joto la bahari, Pasifiki ikiwemo. Sehemu hiyo wengi hupunguza sauti wakisubiri jina la mkoa wao.